Safu ya Maoni

Daftari la mapokezi lina safu sita:
jina, umri, atokako, saa, shida, maoni.
Ile ya maoni ni nyembamba, upana wa vidole viwili.
Miaka kumi na mmoja nimeiacha wazi.
Karani hana maoni.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, niliandika:
Nyevu Katana, ishirini na mbili, Gongoni.
Kwenye shida nikaandika "ameshambuliwa",
maana neno lenyewe lilikataa kutoka kalamuni
mbele ya mama yake.
Miguu yake ilikuwa na chumvi ya kule mashambani,
nyeupe hadi kifundoni, kama soksi.
"Lini?"
"Jana. Saa mbili usiku."
Tisa, nikahesabu. Saa tisa zimeshakwenda.

Muuguzi alimpima, akampa dawa ya kukinga virusi,
akamshika mkono muda mrefu.
Ile nyingine haikuwamo kabatini.
Si kwamba imeisha. Haijawahi kuingia.
"Jaribuni hospitali kuu," wakaambiwa kwa upole,
na upole ule ulikuwa wa kweli,
ila upole haumezwi.
Hospitali kuu ilikuwa kwenye mgomo, wiki ya tatu.

Jumanne, saa nne asubuhi, kikao.
Niliitwa niandike kumbukumbu, mwandiko wangu unasomeka.
Ajenda: je, kila hospitali ya Malindi,
ya serikali, ya misheni, ya mtu binafsi,
ilazimishwe kumpa aliyenajisiwa kidonge cha kuzuia mimba?
Ya thelathini na nane.

Padre Fulgensi akasema dhamiri haiamrishwi kwa barua.
Si mtu mbaya. Alimzika baba yangu mwaka wa mafuriko,
na jeneza akalinunua yeye.
Daktari Mwambire akachora yai ubaoni, akachora siku,
akasema kidonge hakitoi kitu, kinatangulia tu.
Mtu wa nyuma akauliza, na wakisingizia je?
Feni ikazunguka.
Wakili Badawiya akataka "inaweza kutoa" ifutwe,
iandikwe "itatoa".
Nusu saa ikaenda juu ya kitenzi kimoja.
Kisha chai, mahamri, mbaazi.
Ya arubaini.

Wote walisema "mwathiriwa". Nimelihesabu: mara ishirini na saba.
Hakuna aliyeuliza kama ana jina,
na mimi nilikuwa nalo,
ngazi moja chini, ndani ya daftari.

Saa nane mchana kikao kikaahirishwa hadi mwezi ujao.

Duka la dawa liko hatua chache kutoka lango letu.
Shilingi mia na hamsini.
Kijana muuzaji alinitazama kidoleni, hakuona pete, akatabasamu.
Nikapanda pikipiki hadi Gongoni.

Nyevu alikuwa kazini.
Ni kibarua cha siku, asiyefika halipwi.
Nikamweleza kama daktari alivyochora.
Alinisikiliza reki mkononi, macho kwenye chumvi.
"Na wakubwa wamesemaje?"
"Bado."
Akacheka, kama ni kucheka.
Akaifunga pakiti kwenye pindo la leso, mafundo mawili.
"Hili nitalijua mwenyewe."
Ya arubaini na tano.
Sikuuliza. Sijauliza hadi leo.

Mwezi uliofuata, ajenda ya pili:
yatokanayo na kikao kilichopita.
Mwenyekiti akatazama kulia, akatazama kushoto.
"Yapo?"
Padre alikuwa akifuta miwani.
Daktari hakuja, alikuwa chumba cha upasuaji.
Nikaandika: hakuna.

Jioni nikashuka mapokezi, nikafungua ukurasa ule wa Jumatatu.
Nyevu Katana, ishirini na mbili, Gongoni.
Safu ya mwisho, vidole viwili.
Nikaandika kwa herufi ndogo, zikatosha:
alikuja mapema.